Mchuzi Nilioupeleka kwa Daktari

Daktari mmoja wa Malindi aliniambia nipunguze wali na mkate kwa ajili ya sukari. Mimi nikaviacha vyote siku hiyo hiyo. Wiki haikwisha, nikashikwa na kizunguzungu, miguu ikakaza na kinywa kikanuka. Nikamshuku mke wangu Mwanaidi, kwa kuwa ndiye mpishi. Nikatia mchuzi wake wa samaki chupani, nikarudi kwa daktari, nikamweleza hali yangu yote.

“Upime huu. Nahofia natiliwa sumu.”

“Wanga umeuacha ghafla, mzee. Maji wanywa?”

“Kidogo.”

“Basi sumu gani tena?”

Nikageuka. Mwanaidi alikuwa amesimama mlangoni.

“Baba Zuhura,” akasema, “nimekufuata nikichelea utaanguka njiani. Kumbe waja kunishitaki!”