Upanga wa Mfalme Mwenye Mikono Minne

Fundi aliyebuni silaha za tamthilia ya viumbe wa anga za mbali alikuwa na mkaguzi mmoja tu: mama mkwe wake. Mwongozaji alishamwonya fundi kwamba panga za viumbe hao zisifanane na kitu chochote chenye kazi hapa duniani. Basi kila alipomaliza kunoa mmoja, aliupeleka jikoni, akauweka mezani, akasubiri kwa adabu zote za mkwe.

"Huu wa kupasulia maboga," alisema mama kuhusu wa kwanza. Wa pili, wenye ndimi tatu, eti wa kuzibulia sinki. Wa tano ulimtoa fundi jasho mwezi mzima. Mama alitoka nao kwenda kupogolea michongoma.

Wa sita ulikuwa na mpini katikati, makali yametazama ndani na meno kila upande. Mama akaugeuza, akaugeuza tena, akanyamaza. Fundi nusura amkumbatie, akakumbuka heshima, akaishia kusema, "Ahsante, Mama." Akatengeneza mbili: mmoja ukaenda studio, wa akiba ukabaki kabatini jikoni.

Siku ya kipindi, nyumba nzima ilikaa mbele ya televisheni. Mfalme mwenye mikono minne akachomoa upanga wake, majeshi yakapiga magoti. Mama mkwe akaruka kitini, hasira zimempanda.

"Mjinga huyu! Ameushika kinyume! Hivyo magamba ya samaki yatatoka saa ngapi?"