Muuza dawa anayesoma barua za Kornelia

Saa tisa alasiri, ukungu bado umelala juu ya Mto Vistula na mji wa Sandomierz unaonekana kama unaelea. Bogumiła Żelazek, 58, anavua koti jeupe la duka la dawa, anavuka uwanja polepole na kupanda ngazi za maktaba. Juu, sanduku lililojaa barua za kale linamsubiri.

Kwa miaka 31 amesoma miandiko ya madaktari. "Daktari aandike kama kuku aliyekanyaga wino, mimi nitaelewa," anasema. "Nisipoelewa, mtu anakufa."

Sifa hiyo ndiyo iliyomleta dukani Gniewomir Sulik, mhariri wa barua za Kornelia Drohojska, mwandishi wa riwaya aliyefariki mwaka 1879. Kornelia alibana matumizi ya karatasi. Ukurasa ukijaa, aliugeuza ubavu na kuandika tena juu ya mistari ile ile. Barua 412 za namna hiyo.

"Nilidhani anataka dawa ya kuumwa kichwa," Bogumiła anacheka. "Kumbe ameniletea kuumwa kwenyewe."

Vuli iliyopita alifika kwenye barua ambayo mji mzima unaijua. Kornelia anamwandikia mdogo wake Salomea, aliyefukuzwa nyumbani kwa kuolewa na seremala. Katika kitabu cha zamani cha barua zake, ilichapwa hivi: "Sauti yako nimeisahau." Kwa neno hilo, Kornelia alihesabiwa mwenye moyo wa jiwe, na kizazi cha Salomea hakikutaka hata kusikia akitajwa.

Bogumiła alikaa nalo siku tatu, karatasi ikiwa imeinuliwa dirishani, mwanga ukipenya kama kwenye jani. Kwa Kipolandi, "nimeisahau" na "nimeikariri" hufanana kama mapacha walioshonewa nguo moja.

"Bwana Sulik, hapa pamekosewa."

"Mama, limechapwa hivyo miaka tisini."

"Basi limekosewa miaka tisini. Tazama huu mkia chini ya herufi. Walidhani ni wa mstari uliokatiza, kumbe ni wa neno hili."

Sulik aliinama na lenzi. Kisha akainuka. Alikwenda kutia chai.

Jumapili iliyofuata walimwalika Teodozja Mroczek, 86, kitukuu wa Salomea. Alikuja na fimbo na uso wa kugombana.

"Haya, nisomee hayo matusi."

Bogumiła alisoma: "Sauti yako nimeikariri. Nikifumba macho nakusikia ukiwaita bata."

"Rudia, mwanangu."

Alirudia. Ajuza alitazama nje, ambako mashamba ya matufaha yalikuwa yakififia ukunguni.

"Mama yangu alimlaani huyu mwanamke kila Krismasi," akasema. "Sasa nani atamwomba radhi?"

Aliomba kuishika karatasi, akaishika hadi maktaba ilipofungwa.

Zimebaki barua kumi na moja. Sulik anazitaka upesi. Bogumiła anasoma moja tu kwa siku. Mwakani atastaafu, na mpango wake anausema kwa aibu: asome riwaya za Kornelia, maana hajasoma hata moja.

"Nitaanza na ya kwanza," anasema. "Ila kwanza Bwana Sulik aniache nimalize kumsikiliza Kornelia mwenyewe."