Kopo Langu la Sarafu Lilipoota Miche

Ndugu zangu, mnanijua kwa kutia chumvi. Leo sitii hata punje.

Ijumaa asubuhi nilifungua kopo langu la sarafu, nikakuta limeota.

Sijasema limeota kutu. Kutu ningeikaribisha chai. Limeota miche! Ya njano, mirefu, imesukuma kifuniko kama vifaranga wanaotaka kutoka kapuni.

Nikafunga. Nikafungua tena. Bado ipo.

"Mama Malimi! Njoo uone, hela imeota!"

Mke wangu Esteria alikuwa anasonga ugali. Hakugeuka hata shingo.

"Baba Malimi, juzi ulisema fisi kapanda baiskeli. Niache nipike."

Haya.

Mimi ni mstaafu wa kiwanda cha kuchambua pamba hapa Bariadi. Sarafu za zamani ndio ugonjwa wangu: senti za tundu za Mwingereza, ishirini yenye mbuni, hamsini yenye sungura. Ili zisigongane, nilizizungushia pamba mbichi kutoka shambani, ile yenye mbegu zake, nikasukumia kopo chini ya kitanda. Nikajiona profesa.

Nilisahau kwamba pamba inakunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi. Bati likavuja, pamba ikanywa, mbegu zikaamka.

Sasa sikia kilichonikosesha raha. Humo ndani kulikuwa na rupia ya Mjerumani ya marehemu baba yangu, mzee Mayige. Aliitoboa, akaivaa shingoni mpaka siku anakufa. Kwetu, mtoto anayerithi jina lake ndiye anayevishwa. Na mjukuu wangu, mtoto wa Malimi, alikuwa anapewa jina hilo kesho yake!

Dada yangu Nyamizi alikuwa anatoka Lingeka kuja kumvisha. Yule tangu msibani alishasema juu yangu, "Mihayo mtampa rupia ya baba? Ataiuza huyo."

Nikazitazama sarafu. Ukoga wa kijani kila mahali.

Nikatupa lile fungu la pamba na miche yake nje ya mlango wa jiko. Nikachukua majivu, ndimu, mchanga na gunzi. Nikasugua kama mtu anayefuta dhambi. Ziling'aa, jamani, mpaka kuku wakaja kuchungulia.

Nikatafuta rupia nayo niisugue.

Hamna.

Nikapekua shuka. Suruali. Nikamwinua kuku juu ya mayai yake. Hamna! Nikatoka mlangoni kulitazama lile fungu la pamba: limeshazolewa. Kumuuliza Esteria nikaogopa. Siku nzima nikawa nakaa, nasimama, nakaa.

Jumamosi dada akashuka kwenye bodaboda, uwanja umejaa watu.

"Wangaluka, dada."

"Rupia iko wapi?"

Salamu hakuitikia.

"Dada, kopo langu liliota pamba..."

"Liliota?"

"Miche. Mirefu hivi."

Akawageukia watu. "Si nilisema? Kaiuza! Sasa anatuambia kaipanda!"

Uwanja ukaangua kicheko. Malimi peke yake hakucheka. Aliinamisha kichwa, mtoto begani. Pale ndipo paliponichoma.

Esteria akaacha mwiko.

"Kumbe ile miche ya mlangoni ilitoka kwenye kopo kweli? Mbona mimi nimeipanda nyuma ya jiko."

"Umepanda takataka?" nikauliza.

"Mbegu imeota yenyewe, mvua hii, niitupe? Mimi nimelelewa wapi?"

Mkulima wa pamba huyo!

Tukakimbia, dada mbele. Akang'oa mche wa kwanza. Wa pili. Wa tatu ukaja na tonge la pamba na udongo, na ndani yake rupia, nyeusi kama kitako cha sufuria. Mzizi umepita katikati ya tundu, kama umeivaa!

Nikaja mbio na ndimu. Dada akanichapa mkono.

"Koma! Baba aliivaa nyeusi hivi hivi. Ungeing'arisha ningesema si yenyewe. Hebu na hizo nyingine nizione."

Nikamletea. Akageuza ile ya hamsini. "Sungura huyu, masikio yako wapi?"

"Alienda kinyozi."

Hakucheka mtu. Mbuni naye alikuwa kama kuku aliyenyonyolewa. Sarafu nilizookota maisha yangu yote, nimeziua kwa asubuhi moja.

Mtoto akavishwa. Kisha dada akasema, "Mtoto akimaliza kuivaa leo, aitunze Esteria. Yeye hatupi kitu."

Kwa hiyo, mwenye sarafu za zamani, usisugue. Shika kingo, kwa mkono mkavu. Kila moja ikae kwenye kijumba chake cha plastiki ngumu, ndani ya kopo lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vipakiti vya punje za kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Pamba ibaki shambani.

Na uongo punguza, kwa sababu siku ukweli wako utakapoota majani, utausimamia peke yako.

Mpaka leo, kati ya wasiokuwepo, anayeniamini ni jirani yangu Bujiku tu. Jana kaja na kikapu, ananong'ona, "Mzee Mihayo, ule mche wa rupia, naomba mbegu."

Nimempa. Nimemwambia mbolea yake ni noti.