Nilijua Mwamba Una Nyufa, Nikanyamaza

Nimekosa, wasomaji wenzangu, na kosa ni langu. Aliyenichongea yupo, nitamtaja pia, maana roho bado inaniuma!

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini, upande wa Bondo, karibu na ziwa. Mume wa binti yangu alikuwa anakuja kwetu mara ya kwanza. Kwetu mama mkwe hatumii choo kimoja na mkwewe. Ni aibu kubwa! Nikamwita shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, fundi wa visima na vyoo, anichimbie kingine haraka.

Mahali pekee palipojificha na macho ya wageni palikuwa kwenye mwinuko, upande wa juu wa kisima cha jirani yangu, Mama Awino, tulichochota sote.

Shemeji alipochimba akakuta mwamba wa udongo wa mfinyanzi, wa kijivu na mgumu. Akaniita nichungulie. Mwamba wote ulikuwa umepasuka, nyufa zikiteremka upande wa kisima, kingo zake zina rangi ya kutu.

"Hizi hakuna mtu amechimba, shemeji," akasema. "Mwamba imezaliwa nazo. Udongo yenyewe haipitishi maji, lakini hizi nyufa ni mifereji. Hiyo kutu ni maji imepita."

"Sasa tufanye nini? Wageni ni Jumamosi!"

"Wewe nyamaza tu. Nitaziba na simiti. Mama Awino hata hatajua."

Nikanyamaza. Na hakuziba hata ufa mmoja! Kila nikimuuliza, kesho, kesho.

Mimi nami, Mungu anisamehe, nikaacha kuchota pale kisimani. Watoto wangu nikawa nawatuma ziwani. Mama Awino aliponiuliza, nikamwambia maji ya kisima hayatoi povu la sabuni. Mwanamke aliyenishika mkono nikizaa watoto watatu!

Mvua kubwa ilipoanza, kitinda mimba wake akaanza kuhara. Siku ya nne hatukuwa naye tena.

Afisa wa afya akaja, akapima maji, akapanda moja kwa moja hadi chooni kwangu. Wazee wakakaa uani. Nikamtazama shemeji, nikingoja aseme tulikuwa wawili. Akasimama, akavua kofia.

"Mimi nilimwonyesha nyufa. Nikamwambia tuhame hapo. Huyu mama akakataa."

Uongo mtupu! Mtu aliyekula kwangu kila siku! Na mume wangu akamwamini ndugu yake, mpaka leo.

Nilitaka kupiga kelele, lakini Mama Awino akanitangulia. Hakuwa analia.

"Kwa hivyo ulijua?"

Akanyoosha kidole njia ya ziwani.

"Wako ulituma ziwani. Si ungeniambia tu, mama? Wangu wangeenda pamoja na wao."

Usaliti wa shemeji unanichoma mpaka sasa, sitaficha. Lakini yeye alinisaliti siku moja mbele ya wazee. Mimi nilimsaliti rafiki yangu kila asubuhi, nikimwona anapita na mtungi, namwambia habari ya asubuhi!

Wewe unayesoma, ukijua jambo lolote kuhusu maji ya jirani yako, sema siku hiyo hiyo, hata kama wakwe wako mlangoni. Usingoje fundi akusemee! Wakwe zangu walikuja, wakala, wakaenda zao. Mama Awino bado ananisalimu njiani, na msibani tunakaa mkeka mmoja. Lakini akiingia kwangu nikimpa maji ya kunywa, anasema hana kiu.