Mwaka Mzee Ilyas Aliposifu Udongo

Baba mkwe wangu, Mzee Ilyas, hajawahi kushika raketi. Alikata nyasi miaka ishirini na sita kwenye klabu moja hapa Nyeri, na mpaka leo akipita penye bustani ya mtu huinama kupima urefu wa nyasi kwa ukucha wa kidole gumba. Kwa hivyo kila Julai, baridi inapobana hapa Majengo, tunamwekea kiti karibu na jiko na kumwashia televisheni atazame tenisi ya Uingereza, ile inayochezwa juu ya nyasi.

Majina ya wachezaji hayajui. Kwake kuna watu wa aina mbili tu: anayekanyaga kwa adabu na anayeburuta miguu. Wiki ya kwanza huwa na furaha kama bwana harusi. "Tazama hiyo mistari, Mama Aaliya. Mwenye mashine hakutetemeka mkono." Wiki ya pili, nyasi za nyuma zikianza kung'oka, hupandwa na hasira: "Ala! Huyu anacheza ama anachimba viazi?" Mimi na binti yangu Aaliya huisubiri hiyo ya viazi. Tukiisikia tunagongana mikono jikoni.

Mwaka huu wiki ya pili ilianza hatujaisikia.

Mimi mtoto akikohoa mara mbili nishavaa viatu vya kwenda hospitali. Tangu Ramadhani nilikuwa nimemwona Baba akimimina chai nje ya kikombe, na akimsalimu Waithira wa kioski kwa jina la mumewe. Nikamwambia madaktari wa macho wanakuja Sagana kutoa watu mtoto wa jicho.

"Hii macho imesoma nyasi kabla uzaliwe," akanijibu. "Ati Sagana."

Baba mkwe hasukumwi.

Jumanne ya wiki ya pili mchezaji mmoja mrefu aliteleza, akaanguka chali. Pale nyuma nyasi zilikuwa zimekwisha, pamekuwa kahawia kama njia ya ng'ombe. Nikangoja viazi. Baba akatikisa kichwa kwa raha.

"Mwaka huu wamejua kutunza," akasema. "Kijani mpaka ukutani."

Aaliya akanitazama. Nikamfinya, lakini huyo mtoto hana breki.

"Babu, hapo ni udongo mtupu."

"Wapi?"

"Hapo anaposimama."

Baba akainuka, akaenda mpaka kwenye kioo, pua karibu ikiguse. Alisimama hapo muda mrefu. Mimi nikahesabu makosa yangu yote tangu nilipoolewa katika nyumba hii.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu Jumamosi, Baba."

"Na mkaniacha nasifu udongo siku nne?"

"Ningesema nini, na Sagana ulikataa?"

Akarudi kitini, akajifunika shuka. Kisha akasema, "Hiyo Sagana ni siku gani?"

Ilikuwa Alhamisi. Muuguzi alipomuuliza waanze na jicho gani, alijibu, "Ile ya tenisi." Muuguzi akacheka, mimi nikakaa nje mpaka alipotolewa, jicho moja limefungwa bandeji. Ijumaa wakaifungua, wakatupa dawa ya matone na miwani nyeusi.

Jumapili, saa kumi alasiri, fainali ikaanza. Baba ametulia kitini na miwani yake. Mimi nimesimama mlangoni na mwiko mkononi, sitazami mpira, namtazama yeye. Gemu ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Nikaanza kuwaza kwamba tumemharibu. Ndipo mchezaji mmoja akaburuta mguu, kipande cha nyasi kikaruka.

"Ala! Chimba yote basi! Viazi iko chini!"

Aaliya alinirukia, tukagongana mikono mpaka mwiko ukaanguka. Tulipotulia, Baba alikuwa ameipa televisheni mgongo. Ameivua miwani, anakagua chumba polepole kwa lile jicho jipya.

"Mama Aaliya," akasema, "hilo pazia lilikuwa la rangi gani?"

Nimelifua leo asubuhi. Jicho la pili ni mwezi ujao, na ukuta bado sijaupaka rangi.