Afya za Mwanatumu

Kwetu Kuze mtu haambiwi amenenepa. Huambiwa, "Mashallah, una afya!" Kwa hesabu hiyo, mtaa mzima hapakuwa na wa kumshinda Mwanatumu, yule mpakaji hina. Na wallahi yeye ndiye aliyekuwa akiumwa.

Korona iliwashika pamoja, yeye na mdogo wake Lamis, chumba kimoja. Lamis, mwembamba wa kupeperushwa, alipona upesi akarudi sokoni. Mwanatumu, mwaka ukapita, bado. Akipanda ngazi kwenda kupaka bibi harusi, pumzi zampaa, mkono watetemeka, maua ya hina yaharibika. Maharusi wakaanza kuita wapakaji wengine. Ilimuuma, kwani kazi ile aliipenda tangu usichana.

"Ajizi tu," Lamis alisema. "Mtu ana afya zake, ataumwa na nini?"

Neno lilimchoma, lakini pia lilimtia hamu ya kujua. Ugonjwa ule ule, kwa nini umwache Lamis, umng'ang'anie yeye? Akamburuta mdogo wake hadi zahanati ya Bondeni, akamkabili muuguzi, Winnie, bila haya.

"Ni unene wangu huu?"

Winnie hakucheka. "Huenda unachangia, mama. Watafiti wameona wanawake ndio huandamwa zaidi na mabaki ya maradhi haya, na uzito mkubwa huzidisha. Wanadhani mafuta ya mwilini huchochea uvimbe ndani kwa ndani hata homa ikishakwisha. Uhakika kamili bado wanautafuta."

"Na wembamba hawapati?"

"Wapo wanaopata."

"Nikipungua nitapona?"

"Hilo siwezi kukuahidi. Tutakupima, na usijikakamue ukichoka."

"Kwa hivyo si ajizi?"

"Ajizi! Huu ni ugonjwa, mama."

Mwanatumu alitaka kuuliza zaidi, foleni ikaguna. Njiani kurudi Lamis alipunguza mwendo, akaenda hatua kwa hatua na dada yake.

Ijumaa Mwanatumu aliitwa kwa kina Zakiya, harusi ya binti yao, ghorofa ya tatu, Lamis akamsindikiza. Mwanatumu akasimama chini, ameshika ukuta, anahema. Mama Zakiya akachungulia kutoka juu.

"Panda, mwenzangu! Mwenye afya kama wewe, ngazi ni kitu gani?"

Mwanatumu akatabasamu kwa aibu, akainua mguu. Lamis akamshika buibui.

"Hana afya!" akapaza sauti, nyumba nzima ikasikia. "Dada yangu mgonjwa. Bibi harusi na ateremke."

Haa! Bibi harusi ateremke? Mama Zakiya akaingiza kichwa ndani. Mwanatumu alimtazama mdogo wake, machozi yakamlengalenga.

Kisha wakasikia kandambili ngazini, zikija chini.