Namba na Herufi Mpakani Bwera

Juzi kwenye ukaguzi wa mizigo mpakani Bwera, afande alitoa chupa kwenye kikapu cha mama mmoja mkulima aliyekuwa akirudi kwao Beni. Lebo ilisema 2,4-D. Akaigeuzageuza, kisha akatutazama sisi wa kwenye foleni.

"Nani anajua hii?"

Mimi, bila shaka. Asubuhi ile nilikuwa nimesoma makala kuhusu dawa za kulevya zinazomwonyesha mtu maruweruwe. Nikapandisha miwani, nikaeleza kwamba nyingi hupewa majina mafupi ya namba na herufi, kama 2C-B, na ukibadilisha herufi moja tu umepata dawa nyingine.

"Hiyo ni ya ukoo huohuo," nikamaliza.

"Afande, iko dawa ya kuua majani mu mahindi!" mama akalalamika.

"Kaa benchi. Tungoje mtu wa kilimo."

Nikasogea nipite. Afande akafungua mkoba wangu, akatoa vidonge ninavyomeza kwa ajili ya ganzi ya miguu, akasoma polepole: "B... 12."

"Hiyo ni vitamini!"

"Herufi iko. Namba iko." Akanionyesha benchi kwa kidevu.

Mama akasogeza kikapu, akanipangusia nafasi kwa pindo la kitenge chake.

"Ikaa hapa, dokta," akasema kwa upole. "Sasa hii yako inaonyeshaka mutu nini?"

Yangu, wasomaji, ilinionyesha mjinga mmoja mwenye miwani, tena waziwazi.